Boya Lisilotaka Kuokolewa

Marahaba. Najua shikamoo zenu bado ziko njiani, ila mimi ni mzee mwenye haraka, nazipokea kabisa ili tuanze kazi.

Nimeambiwa wapo kati yenu wanaojifunza mambo ya maji, na wapo wanaosoma hapa kwa sababu mtandao umekata na hakuna lingine la kufanya. Wote karibuni. Kwa miaka thelathini na ushee nilifanya kazi moja katika Ziwa Nyasa, kutoka Mbamba Bay hadi Lituhi na kurudi, mara nyingi kiasi kwamba samaki wazee walikuwa wakinisalimia kwa jina. Kazi yenyewe ni hii: unaweka boya majini, unaliacha liende, unaandika lilikokwenda. Basi. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alipoulizwa kule Mkumbi mume wa binti yake anafanya kazi gani, alijibu, "Anatupa vitu ziwani, halafu anavitafuta." Tangu hapo nimesoma maelezo mengi ya kazi hii, mengine yana michoro ya rangi, na hakuna yaliyompita yule mama.

Jina la kazi nalo halikunisaidia. Mnajua vijana wa mjini wakimwita mtu boya wanamaanisha nini. Siku moja kwenye harusi pale Mbinga mshereheshaji alinitambulisha kwa sauti kubwa kuwa "mtaalamu wa maboya", na ukumbi mzima ukageuka kuwatazama watu niliokaa nao meza moja.

Lakini sikilizeni. Ukilitazama ziwa asubuhi pasipo upepo utadhani limelala. Halijalala. Maji ya juu yanatembea, yana njia zao kama watu walivyo na njia zao za kwenda shambani, na kila kilichomo kinatembea nayo: mayai ya samaki, mafuta yaliyomwagika, takataka, na magonjwa. Macho yako hayaioni njia hiyo. Boya linaiona.

Aliyenifundisha ni Mzee Bosko, nahodha wa boti ya ofisi, mtu mwenye vidole vinne mkono wa kulia na aliyevitumia kama kumi na viwili. Wakati huo boya letu lilikuwa debe la mafuta ya kula lililotiwa mchanga. Mimi kijana, nikaona debe la mchanga ni ushamba. Nikachukua tupu, nikalipaka rangi nyekundu, nikalisimikia na bendera kama gari la mkuu wa wilaya. Mzee Bosko alinitazama, akawasha injini. Mwera, ule upepo wetu wa kusini, uliliona boya langu likiwa bado mkononi. Liliondoka kwa kasi ambayo boti yetu haijawahi kuifikia mpaka inauzwa chuma chakavu.

"Umepima nini leo, Deo?" akaniuliza jioni.

"Mkondo wa maji, Mzee."

"Umepima upepo. Upepo hata kuku anaupima, anageuka tu kuangalia manyoya yake."

Ndipo akanionyesha. Boya zuri linakaribia kuzama. Likiinua kichwa linasikiliza upepo. Likizama hadi mabegani linasikiliza maji. Chini yake unaning'iniza kitambaa kizito cha turubai, kilichoshonwa kama mfuko usio na kitako, ili maji yakishike na kukivuta. Sisi tulikiita sketi, kwa sababu ndivyo kilivyo, na mke wangu ameshona sketi nyingi za ziwa kuliko zake mwenyewe, jambo ambalo hajaacha kulitaja. Tena boya halitupwi. Unalishusha taratibu, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Na muda unauandika pale pale, siyo baadaye ukishakula.

Miaka hiyo tulilifuata debe kutwa nzima kwa boti, na jua la ziwani ni lile la kumfanya mamba atafute kofia. Baadaye vikaja vifaa vya GPS, vidogo kama simu, unavifungia ndani ya boya pamoja na laini ya simu, na kila robo saa boya linatuma habari liko wapi. Mimi nipo ofisini Mbamba Bay, nakunywa chai, natazama nukta zikitembea kwenye kompyuta. Nikajiona mfalme. Hapo ndipo nilipoharibikiwa, na ndiyo habari ninayotaka kuwaachia. Anayelifuata boya kwa boti anaona kila kitu. Anayelifuata kwa kompyuta anaona nukta.

Kwanza lazima niwaambie kuhusu kalamu yangu. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikiwa na watoto watatu, shule ya jioni, Mbinga, kwa baridi ile ambayo wino unaomba blanketi. Magoti hayakuingia chini ya dawati. Lakini Kiswahili nilikishinda. Barua rasmi, barua ya kirafiki, tangazo, risala, nipe chochote. Tangu siku ile hakuna karatasi iliyotoka ofisini kwetu bila mimi kuinyoosha, hata ile ya kuwaambia watu wafunge mlango wa choo.

Sasa, kuna kijiji kati ya Mbamba Bay na Lituhi ambacho nitakiita Mchangani, maana nikikitaja kwa jina lake watanidai soda. Kimekaa kwenye ghuba ndogo. Katikati ya ghuba kinaingia kijito kinachopita nyuma ya nyumba, na mvua zikinyesha kijito kile hubeba kila kitu ambacho kijiji hakikitaki. Kaskazini pana ufukwe mzuri wa mchanga. Kusini pana mwamba mkubwa ulioingia majini, na nyuma yake kina kirefu. Kijiji kilikuwa kimeletewa mradi wa pampu, na Injinia Shabani, kijana wa Tanga mwenye Kiswahili kisafi kuliko redio, alikuwa ameshachomeka vigingi kwenye ule ufukwe wa kaskazini kuonyesha bomba litakapoingia ziwani. Mchanga ni rahisi kuchimba. Swali lilikuwa moja: maji ya kijito yakiingia ziwani yanaelekea wapi?

Aliyelifanya swali liniume alikuwa muuguzi wa zahanati, Skolastika, mzaliwa wa milima ya Mbinga, aliyehamishiwa ziwani na hajawahi kulisamehe joto.

"Mzee Deo," aliniambia akijipepea na daftari la mahudhurio, "mvua zikianza hapa nalaza watoto watatu kitanda kimoja, na wa nne nampakata. Wote ni kuhara. Wewe niambie tu hilo bomba litakunywa maji gani."

"Nitakuambia, mwanangu. Ndiyo kazi yangu."

Nikashusha maboya sita kwenye mdomo wa kijito mvua za kwanza zilipoanza. Na kwa kuwa maboya hugharimu, na mimi ndimi mwandishi, niliyapaka kila moja maandishi haya: MPENDWA MSOMAJI, UKILIOKOTA BOYA HILI TAFADHALI SANA LIREJESHE LILIKOTOKA. ASANTE NA UBARIKIWE. Nilirudi nyuma hatua tatu nikajisomea mwenyewe. Lilikuwa tangazo la kumtoa mtu machozi.

Siku nne nilitazama nukta. Maboya yalitoka mdomoni mwa kijito, yakasogea kidogo, yakageuka, yakarudi mdomoni mwa kijito. Yakatoka tena, yakarudi tena. Boya namba tatu lilitulia Jumapili asubuhi kwa saa mbili karibu kabisa na kanisa, nikaandika kwamba ni utulivu wa hali ya hewa. Kanisa liko nchi kavu, ndiyo, lakini hatua chache tu kutoka majini, nikasema kifaa kimekosea kidogo. Boya namba tano lilianza kupanda mlima saa nne asubuhi, likafika Mbinga mchana kwa mwendo wa basi dogo, na kesho yake dereva akaniletea ofisini pamoja na salamu. Nikamshukuru, nikaandika, "Limeokotwa," nikaamini ni hilo moja tu. Vijana, mtu anayelipenda jibu lake haulizi swali la pili.

Injinia Shabani aliifurahia ramani yangu. "Kumbe maji ya kijito yanazunguka na kurejea nyumbani, Mzee Deo. Kama ng'ombe."

"Kama ng'ombe, injinia." Niliona fahari hata kwa ng'ombe.

Akatia sahihi. Mabomba yakashushwa Mchangani. Nami nikamwambia Skolastika bomba litakunywa maji safi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mkono ule ulinisumbua sana baadaye.

Jumatano moja nilikwenda kuyakusanya maboya yangu. Ufukweni nikamkuta mvuvi mmoja, Baba Otilia, anageuza usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa, aliowaanika kwenye kichanja.

"Shikamoo, Mzee Deo."

"Marahaba, baba. Habari za majini?"

"Njema. Ila mzee wangu, usikasirike nikikuuliza. Kamba huna?"

"Kamba ya nini?"

"Ya kufungia vile vitu vyako. Mimi peke yangu nimekurudishia mara nne. Shemeji yangu mara mbili. Vinatoroka kama mbuzi."

Nilihisi ubaridi wa Mbinga ukinipanda mgongoni, mchana, ziwani. "Mnavirudisha wapi?"

"Si pale pale. Umeandika mwenyewe, lilikotoka. Sisi tulikuona ukiviweka mdomoni mwa kijito, nasi tunaviweka mdomoni mwa kijito. Kimoja nilikikuta Jumapili nikiwa nawahi misa, nikaingia nacho kanisani. Nilikiweka chini ya benchi. Hakikusumbua."

Mimi nilipoandika "lilikotoka" nilikuwa na maana ya ofisini. Ofisi nzima ilikuwa kichwani mwangu, na mlango wake, na meza yangu. Haikuwa kwenye boya.

"Na mlipovikuta," nikamwuliza polepole, "vilikuwa vinaelekea wapi?"

"Kaskazini. Vyote. Vilikuwa vinakwenda kwenye vigingi vya injinia, ndiyo maana tuliviwahi, visije vikavigonga."

Nilitaka kukaa. Hapakuwa na kiti. Nikakaa juu ya usipa wa Baba Otilia, naye kwa adabu akaendelea kugeuza waliobaki.

Ndugu zangu, nilikuwa nimebakiza miezi miwili nistaafu. Hotuba ya kuniaga nilikuwa nimeshaiandika mwenyewe, maana nani mwingine angeiandika vizuri. Mafundi walikuwa waanze kuchimba Jumatatu. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi na mvuvi mmoja ambaye hakujua kwamba anajua. Siwezi kuwadanganya kwamba sikufikiria kunyamaza. Nilifikiria kwa urefu wa safari nzima ya boti kurudi Mbamba Bay, na siku ile niliiendesha taratibu. Kisha nikakumbuka mtoto wa nne, yule wa kupakatwa, nikaenda moja kwa moja kwa injinia kabla viatu havijakauka.

"Injinia, ramani ile ni ya uongo. Maji hayakurudi. Yalirudishwa."

"Na nani?"

"Na watu wema."

Nikamweleza yote, hadi la benchi. Akazungusha kalamu. "Mzee Deo, mimi nimetia sahihi."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwa miguu yangu, usije ukasikia kwa mwingine. Nipe mpaka Jumatatu nipime upya."

"Na safari hii utawafunga watu?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Kesho yake tukaita mkutano ufukweni. Nikawaeleza watu wa Mchangani kwamba maboya yakionekana yaachwe, yaende yanakokwenda. Walinitazama kana kwamba nimewaambia wamwache mgeni alale nje. Bibi mmoja aliyekaa mbele akainua mkono.

"Yaani nione cha mtu kinapotea, nikipite? Nikiulizwa huko juu niseme nini, kwamba Deo alinikataza?"

"Hakipotei, bibi."

"Kipo katikati ya ziwa peke yake. Hakipotei vipi?"

Watu wakacheka, wakakubaliana naye. Nikatoa hoja ya sayansi, wakaikubali kwa heshima, na nikaona machoni mwao kwamba wataendelea kurudisha. Huwezi kufuta kwa mkutano mmoja kitu ambacho mtu amelelewa nacho. Skolastika, aliyekuwa amesimama kwenye kivuli cha boti iliyoegeshwa, ndiye aliyeniokoa.

"Tatizo si watu, Mzee. Tatizo ni barua yako. Umeliandikia boya kama kitu kilichopotea. Liandikie kwamba lina kazi."

"Niandike nini?"

"Liseme lenyewe."

Tukachukua brashi. Safari hii sikuweka mpendwa wala tafadhali sana. Kila boya likaandikwa: SIJAPOTEA. NIKO KAZINI. NIACHE NIENDE. Maneno matano. Mwalimu wangu wa shule ya jioni angenipa sifuri kwa kukosa utangulizi. Yule bibi alisomewa, akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Aa. Kama yuko kazini, ni kweli, usimwite mtu aliye kazini." Injinia Shabani akalitangaza msikitini, katekista akawapitia watu wake nyumba kwa nyumba.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa imepiga milimani na kijito kilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Nikashusha maboya sita, moja moja, na safari hii chai yangu niliinywa ndani ya boti nikiyafuata. Baba Otilia alipita na mtumbwi wake sentimita chache kutoka namba mbili. Nikamwona anapunguza kafi. Nikamwona anasoma. Mkono ukatoka, ukasimama hewani, ukarudi. Naapa nilizeeka mwaka mzima hapo.

"Pole na kazi," akaliambia boya, akapiga kafi, akaenda zake.

Walifanya hivyo wote. Mitumbwi ilipishana na maboya yale siku mbili, watu wakiyasalimu kama wafanyakazi wa serikali, na hakuna aliyegusa hata moja. Na maboya, kwa kuachwa, yakasema ukweli. Yalishika njia moja kama watoto wa shule, yakabembea pembeni ya ufukwe, yakaelekea kaskazini. Jumamosi mchana manne kati ya sita yalikuwa yamekwama kwenye vigingi, yamezungukwa na povu la kahawia, majani ya migomba na ndala moja ya mtoto iliyotoka na kijito.

Injinia alifika na pikipiki. Akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini, akang'oa kigingi cha kwanza kwa mkono wake.

"Basi wapi, Mzee Deo?"

"Sijui bado," nikasema, na lilikuwa jibu zuri kuliko yote niliyowahi kumpa. "Nadhani kusini, nyuma ya mwamba. Lakini kudhani nimeshadhani sana mwaka huu."

Niliomba mpaka Jumatatu, akaenda kuongea na wakubwa, akarudi na wiki tatu. Tulishusha maboya kwenye mdomo wa kijito upepo ukiwa wa kusini, tukashusha ukigeuka, tukashusha ukiwa haupo. Hakuna hata moja lililouzunguka mwamba. Nyuma ya mwamba maji yalikuwa yakitoka ziwa kubwa, safi kiasi kwamba unaweza kuona samaki akifikiri. Tabu ilikuwa mfereji: mrefu zaidi, na njia nzima ni mawe. Mafundi walishika kiuno. Kijiji kikachukua majembe na sururu, zamu kwa zamu, na injinia naye akachimba hadi malengelenge yake yakaota malengelenge. Mimi nilistaafu mfereji ukiwa nusu. Hotuba yangu ya kuniaga niliifupisha, nikalitaja kosa lile mbele ya watu wote, na ndiyo sehemu pekee iliyopigiwa makofi.

Basi mtakosea, vijana. Msiogope. Mtu atakapowauliza kwa upole kama hamna kamba, kaeni chini mumsikilize, hata kama pa kukaa ni juu ya usipa.

Mvua zilizofuata, zilipokuwa zimekolea kabisa na bomba likiwa linakunywa nyuma ya mwamba, nilipanda boti kwenda Mchangani. Si ofisi iliyonituma, ni wasiwasi wangu mwenyewe. Niliingia zahanati nikijiandaa kuona watoto watatu kwa kitanda. Vitanda vilikuwa vimetandikwa. Kwenye kimoja alilala mvuvi aliyechomwa mguu na mwiba wa samaki, anakoroma. Skolastika alikuwa amekaa barazani, na sikuwahi kumwona amekaa msimu wa mvua. Alikuwa anafuma.

"Mmeniharibia kazi, Mzee," akasema bila kuinua macho. "Wamekuja wawili tu tangu mvua zianze, na wote nimewatibu wakarudi kwao wakiwa wanatembea. Mikono yangu haijui ifanye nini. Nimeshafuma masweta matatu."

"Ya nani, kwenye joto hili?"

"Mawili ya mama yangu, milimani." Akavuta la tatu kutoka kwenye mfuko, zito, la kijani, lenye vifungo hadi shingoni, akanipa. "Hili la kwako."

Jua lilikuwa limechomoza baada ya mvua na mawe ya ufukweni yalikuwa yanakaanga. Nililivaa pale pale, nikafunga vifungo vyote, na sikulivua mpaka nilipofika Mbamba Bay.